Mkinunua leza za macho, nunueni na ile ya upole: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na wakubwa wa bima

Mheshimiwa Waziri, Mganga Mkuu wa Serikali, wakubwa wa Bohari ya Dawa na nyie wa bima ya afya, shikamooni.

Mimi ni nesi, nafanya kliniki ya kisukari kwenye hospitali ya mkoa, mkoa gani haina haja maana hiki ninachosema nesi yeyote wa kliniki ya sukari kuanzia Lindi mpaka Kagera atawaambia hicho hicho. Najua mna makaratasi mengi mezani kwahiyo ombi naliweka hapa juu kabisa: hospitali za rufaa za mikoa zikinunuliwa leza ya retina, yaani ya lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha, kwenye vigezo vya zabuni iandikwe kwamba mashine iwe na uwezo wa maikropalsi, yaani kupiga kwa upole bila kuunguza, ije pamoja na kipimo cha OCT cha kupima unene wa retina, na bima ilipie hiyo huduma kwa jina lake. Basi. Hayo mengine huko chini ni kueleza kwanini nimeamua kuandika badala ya kunung'unika chai ya saa nne kama kawaida yetu.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Mtu wa sukari akiharibika jicho haumwi, na hapo ndipo shida yote ilipo. Mguu ukioza atanusa, figo zikianza kuchoka atavimba, ila jicho linaharibika kimya kimya miaka na miaka huku yeye anasoma meseji zake vizuri tu. Sukari inachosha ile mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho, mishipa inaanza kuvuja, maji na mafuta yanajikusanya kwenye retina. Yakijikusanya pembeni hajui kitu. Yakifika makula, yaani pale katikati pa retina tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu, ndio anaanza kuona herufi zimepinda, nguzo ya umeme ina kona, uso wa mjukuu una ukungu. Akija kwetu anasema mimi nina mtoto wa jicho nisafisheni, na kama kuna kambi ya macho imekuja wilayani atapanga foleni tangu alfajiri, atapimwa, ataambiwa mzee wewe lako sio mtoto wa jicho, lako liko nyuma, nenda rufaa.

Hizo kambi nazisifu kweli, zimewarudishia watu wengi macho. Lakini mtoto wa jicho unamfanyia mtu upasuaji anaondoka na story imeisha. Retina haiko hivyo. Retina inataka mtu aonekane leo, aonekane tena baada ya miezi mitatu, na tena, na kambi inayokaa siku chache ikapakia vyombo vyake kwenye Land Cruiser haiwezi hiyo kazi hata iweje. Inatakiwa mashine ikae mkoani na mtu wa kuitumia akae mkoani.

Na watu hawa ni wengi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwenye makadirio yake ya 2021 liliiweka Tanzania kwenye nchi zenye watu wazima zaidi ya milioni 2 wenye kisukari, na kubwa zaidi wengi wao hata hawajijui. Sio kwamba wote macho yataharibika, hapana, ila kadri miaka ya kuishi na sukari inavyoenda ndivyo wanavyoongezeka, na presha ikiwa juu ndio inasukuma mambo. Hao tunaowaambia kila siku kunywa dawa punguza ugali tembea, ndio hao hao.

Sasa leza. Wengi wakisikia leza ya macho wanafikiria ile ya kuacha miwani, hiyo ni nyingine kabisa, inafanya kazi mbele ya jicho. Ya retina inapita mbele bila kugusa kitu inaenda kutua nyuma. Na historia yake inafurahisha kidogo, naomba nipite hapo dakika moja. Alikuwepo daktari Mjerumani, Gerhard Meyer-Schwickerath, baada ya kupatwa kwa jua kwa Julai 1945 akakutana na mwanafunzi wa udaktari aliyeangalia jua kwa macho makavu na kuungua makula, akajiuliza, kama mwanga unaweza kuunguza retina bila kukusudia si tunaweza kuutumia kwa kukusudia, pale panapohitajika tu? Akaanza kwa kuchukua jua lenyewe kwa vioo na kulipeleka ndani ya jicho la mgonjwa, siku ya mawingu hakuna matibabu. Baadae zikaja taa kali za umeme, alafu 1960 leza yenyewe ikagunduliwa na madaktari wa macho wakawa kati ya watu wa kwanza kabisa kuitumia. Sisi tuliokuwa Nyanda za Juu Septemba 2016 jua lilipopatwa kule Rujewa, Mbarali, tunakumbuka tulivyokuwa tunagombeza watoto wavae vile vimiwani. Ni jambo lile lile, mwanga unaunguza makula.

Leza ya kawaida basi inafanya kazi kwa kuunguza. Daktari anapiga doti, pale ilipotua panageuka weupe, baadae panakuwa kovu. Na msije mkadhani naidharau. Imeokoa macho ya watu duniani kote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa majibu yake ya kwanza 1976 ulionyesha kwa wale ambao sukari imeshaotesha mishipa mipya mibovu, kupiga leza pembeni ya retina kunapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu. Mwingine uliofuata, majibu yake ya 1985, ulionyesha kwa wale wenye maji kwenye makula, leza inapunguza kwa karibu nusu hatari ya kupoteza uoni kwa kiwango kinachomsumbua mtu kwenye maisha yake. Hiyo ni dawa, sio mchezo.

Lakini kovu ni kovu. Doti iliyopigwa karibu na katikati inaweza kumuachia mgonjwa doa analoliona kila siku, na makovu mengine yanapanuka taratibu miaka inavyoenda, likisogea mpaka katikati kabisa ndio basi tena. Nina mama mmoja kliniki kwangu, muuza vitenge, alipigwa leza ya zamani miaka mingi iliyopita hospitali moja ya mbali, jicho halikupofuka na anashukuru Mungu kwa hilo, ila ananiambia akisoma msahafu kuna herufi zinamezwa, lazima asogeze macho pembeni ndio aione. Ukimuuliza ungefanyiwa tena anasema ndio, ningefanyaje na mimi nilikuwa naelekea gizani. Sasa huyo ndio nataka mumuwaze, mtu aliyekubali hasara ndogo kukwepa hasara kubwa kwa sababu wakati huo hamna aliyempa njia ya tatu.

Njia ya tatu ipo. Inaitwa maikropalsi, au leza ya chini ya kizingiti, mimi naiita ya upole maana wagonjwa wanaelewa hivyo. Mwanga ni ule ule, mara nyingi wa njano wa nanomita 577, tofauti ni jinsi unavyotoka. Badala ya kuwaka mfululizo mpaka nyama iungue, unakatwakatwa vipande vidogo sana, unawaka moja ya kumi ya milisekunde, unazima karibu milisekunde mbili, unawaka tena, kwahiyo kwenye doti moja mwanga umewaka kama asilimia 5 tu ya muda. Ukigusa sufuria ya moto kwa ncha ya kidole ukatoa hapo hapo huungui, joto unalisikia lakini ngozi inabaki nzima. Na kule nyuma ya jicho ndio hivyo, zile seli zenye rangi nyeusi zilizo chini ya retina, ambazo kazi yao mojawapo ni kunyonya maji na kuyatoa, zinapata joto zinashtuka bila kufa. Wataalamu wanaamini zikishtuka hivyo zinatengeneza protini za kujikinga na zinarudi kufanya kazi yao vizuri zaidi, maji yanapungua. Hakuna weupe, hakuna kovu, daktari akiangalia baada ya kupiga haoni hata alama.

Na ndio maana mwanzoni watu wengi walikuwa hawaiamini, hata madaktari, unapigaje kitu usichokiona? Haki yao kuuliza. Ila waingereza walikaa chini wakaipima. Utafiti unaitwa DIAMONDS, hospitali 16 za Uingereza, wagonjwa 266 wenye maji ya kisukari kwenye makula, wote unene wa makula katikati ukiwa chini ya mikroni 400 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nusu wakapigwa leza ya kawaida nusu maikropalsi, wakafuatiliwa miaka miwili. Majibu yalitoka 2022: uoni wa makundi yote mawili ulikuwa sawa. Waliopigwa ya upole walihitaji kurudiwa mara nyingi kidogo zaidi, kwa wastani 2.4 dhidi ya 1.9. Mimi kama nesi nikiisoma hiyo naona hivi, matokeo yale yale, bila kuchoma, kwa gharama ya kurudi mara moja zaidi kwa baadhi yao. Nikimuwekea yule mama wa vitenge mezani hayo mawili achague najua atachagua nini.

Sasa hapa mniruhusu niwe mkali kidogo, kwa sababu najua nikiishia hapo kuna mfanyabiashara ataichukua barua hii aende nayo kwenu kuuza mashine kama dawa ya kila kitu. Sio dawa ya kila kitu. Makula ikishavimba sana, juu ya hizo mikroni 400, leza ya upole peke yake haitoshi, hapo ni sindano ya dawa ndani ya jicho. Mishipa mipya mibovu ikishaota, hapo leza ya kawaida ya pembeni bado inahitajika, na hiyo inachoma kweli na lazima ichome. Haitibu mtoto wa jicho. Hairudishi retina iliyokwisha kufa. Kwa ule ugonjwa mwingine wa maji chini ya retina unaowapata zaidi wanaume wa umri wa kati, utafiti wa PLACE wa 2018 ulikuta matibabu ya dawa inayoamshwa kwa mwanga yanafanya vizuri kuliko maikropalsi. Na kuna leza nyingine ya aina hii ya upole, ya nanosekunde, Australia walikuwa vinara wa kuijaribu kwa wagonjwa 292 wenye ugonjwa wa makula wa uzeeni, majibu ya 2019 hayakuonyesha faida kwa jumla, na wale wenye aina fulani ya madoa kwenye retina ilionekana hata inawazidishia. Kwahiyo mkiletewa kipeperushi kinasema leza yetu haina madhara na inatibu magonjwa yote ya retina, kirudisheni na chai.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho na ndio maana nadhani kinawezekana: kuna kundi moja la wagonjwa, tena kubwa, wa sukari wenye maji kwenye makula ambayo bado hayajawa mengi, ambao leo mkoani hawana kitu wakati leza hii ingewafaa.

Mtaniuliza, na sindano je? Swali zuri, maana dunia nzima saa hizi sindano ya ndani ya jicho ndio ya kwanza kwa mtu ambaye maji yameshagusa katikati na uoni umeshashuka, na mimi siipingi hata kidogo. Bevacizumab, moja ya dawa za sindano hizo, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013 kwa ajili ya macho na ni rahisi kuliko ndugu zake. Ila sindano inataka mtu arudi kila mwezi mwanzoni, miezi kadhaa mfululizo, alafu aendelee kufuatiliwa. Huyo mtu anatoka wilayani, anakuja na mtu wa kumshika mkono kwa sababu mboni zimepanuliwa haoni njia, nauli ni ya watu wawili kwenda na kurudi, na kama ni msimu wa kulima ndio kabisa hamuoni mpaka mavuno. Philadelphia huko Marekani, nchi yenye kila kitu, utafiti wa 2019 uliangalia wagonjwa wenye mishipa mipya mibovu waliopotea kliniki zaidi ya miezi sita, na wale waliokuwa wanategemea sindano peke yake walirudi na hali mbaya kuliko waliokuwa wamepigwa leza. Kama Philadelphia watu wanapotea, Mpanda je? Leza ikishapigwa inaendelea kufanya kazi hata mgonjwa akikwama kijijini. Hiyo ya Philadelphia ni leza ya kawaida na ni ugonjwa wa hatua nyingine, najua, msinirukie, lakini fundisho la nauli ni lile lile.

Alafu kuna jingine ambalo watu wa hesabu mtalipenda. Sindano kila ikichomwa ni dawa nyingine imenunuliwa, imehifadhiwa kwenye baridi, imegawanywa kwa usafi wa hali ya juu kwa sababu ikiingia uchafu jicho linapotea. Leza ukishainunua, kinachotumika kwa mgonjwa ni dawa ya kupanua mboni, dawa ya ganzi ya matone, jeli na lenzi ya kuwekea kwenye jicho ambayo inasafishwa na kutumika tena. Dakika chache kwenye kiti, anashuka anakunywa chai. Na mashine za siku hizi sio kama zile za argoni za zamani zilizotaka maji ya kupoozea na umeme mkubwa, hizi zinachomekwa kwenye soketi ya kawaida. Weka UPS nzuri tu, ile betri ya akiba, maana Tanesco tunawajua.

Sasa niingie kwenye zabuni maana huko ndiko mambo yanakoharibikia. Kuna leza nyingi sokoni zinazopiga ya kawaida tu, na kuna ambazo zinapiga zote mbili, unabonyeza kwenye skrini unachagua. Mkiandika tu "leza ya retina" mtaletewa ya kwanza, na hamtaweza kuilaumu kampuni. Andikeni zote mbili, hiyo itatosha kwa kazi ya pembeni na kazi ya makula, hamna haja ya mashine mbili. Alafu OCT. Naomba hapa mnisikilize kabisa. OCT ni kile kipimo kinachopiga picha ya retina kama imekatwa kisu, unaona tabaka zote na unapima unene kwa mikroni. Bila OCT leza ya upole ni kupiga ramli, kwa sababu haiachi alama, kwahiyo njia ya kujua nani anaifaa ni unene, na njia ya kujua imefanya kazi ni unene. Kununua leza ya maikropalsi bila OCT ni kutupa hela za walipa kodi, heri msinunue.

Na fundi. Kwenye mkataba awepo fundi wa vifaa tiba wa hospitali aliyefundishwa na wenye mashine, na vipuri, na miaka ya matengenezo iandikwe kwa namba. Nimeona mashine za mamilioni zimefunikwa na shuka la wodini zikisubiri fyuzi. Sitaji wapi.

Mafunzo nayo. Kwa sababu doti haionekani, mtu asiyejua anaweza kupiga kidogo mno ikawa hajafanya kitu, au akakosea kuweka ile asilimia ya muda wa kuwaka akaunguza makula ya mtu. Inabidi kuwe na mipangilio iliyokubaliwa nchi nzima, daktari wa Sumbawanga na wa Tanga wapige kwa kanuni moja, waandike kwenye faili nguvu kiasi gani, doti ngapi, sehemu gani, maana daktari anayefuata hatakuta kovu la kumwambia mwenzako alipita hapa. Hospitali za Muhimbili, KCMC, Bugando na CCBRT ndio kwa kuanzia kutafuta walimu, hamna haja ya kupeleka watu Ulaya.

Nyie wa bima, tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu 2023 na kwa kweli tunaitegemea. Kwenye kitita iandikwe leza ya retina, ya kawaida na ya maikropalsi, na iandikwe kwamba kurudiwa ndani ya mwaka kunalipiwa, maana nimewaambia hapo juu wengine watahitaji kurudiwa. Kama mkilipia mara moja tu, mtakuwa mmelipia nusu ya dawa. Na OCT ya kufuatilia ilipiwe pia, mgonjwa asije akaambiwa leza bure kipimo lipa, tunajua atakachofanya, ataondoka.

Mwisho ni sisi wa chini. Leza yoyote haina maana kama mgonjwa anafika akiwa ameshapofuka. Kila kliniki ya sukari ingekuwa na siku ya macho, kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho ikazunguka wilaya hadi wilaya, KCMC walishaonyesha kule Kilimanjaro kwamba hilo linafanyika kwenye mazingira yetu haya haya. Sisi manesi tunaweza kufundishwa kupiga picha, sio sayansi ya roketi. Tunaweza pia kumwandaa mgonjwa kisaikolojia, hili madaktari huwa wanalisahau, kwamba ya upole haileti majibu kesho, inachukua wiki mpaka miezi, asije akaondoka anasema wamenimulika tu tochi hamna kitu. Na kwamba sukari na presha asipozishusha hata tumpige leza kila mwezi maji yatarudi.

Mheshimiwa Waziri, kama kuna zabuni ya vifaa vya macho inaandaliwa sasa hivi, naomba mtu mmoja tu ofisini kwako afungue ukurasa wa vigezo aangalie kama maneno maikropalsi na OCT yapo. Kama hayapo yaongezwe kabla haijatangazwa, maana ikishatangazwa mtaniambia taratibu za manunuzi haziruhusu, na mimi hapo sitakuwa na la kujibu.

Wenu kazini,
Nesi wa kliniki ya kisukari, hospitali ya mkoa